Mkanda Aliofunga Refa

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba jambo likisemwa na watu watatu limeshakuwa kweli. Nina steshenari ndogo Kambarage, hapa Shinyanga mjini: mashine moja ya kutoa kopi, kompyuta moja, na printa inayotafuna karatasi. Promota wa mieleka alinipa kazi ya kutengeneza bango la pambano la Maganzo. Alitaka picha mbili, siku, mahali, na neno DHAHABU kwa herufi kubwa. Mimi nikaona bango halijakamilika. Kitu kikitosha tu, siwezi kukiacha. Nikaongeza chini orodha ya mabingwa wote waliowahi kuvaa mkanda ule, na mbele ya kila jina nikaandika jinsi alivyoupoteza. Mbele ya jina la nne, Tingatinga wa Rwamgasa, niliandika: "Alikimbia pambano, akavuliwa."

Maneno matatu, na nilikuwa nimeuliza watu watatu: muuza kahawa, shabiki mmoja wa zamani, na dereva wa gari la matangazo. Wote walisema alikimbia. Sikumwuliza refa, aliyekuwa ulingoni siku yenyewe, kwa sababu nilimwogopa. Ni vizuri nikiri hilo mapema.

Siku chache baada ya mabango kubandikwa, mama mmoja aliingia dukani akiwa ameshika moja lililobanduliwa, gundi iliyokauka bado imeng'ang'ania nyuma yake. Alikuwa amevaa kitenge cha kazini na kilikuwa kinanukia vitunguu.

"Wewe ndiye mwenye mashine?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo. Karibu."

"Marahaba. Nisomee hapa." Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa nne.

Nilisoma kwa sauti ya chini.

"Sikusikia."

Nikasoma tena. Mteja aliyekuwa anasubiri kopi za vyeti aliacha kuangalia simu yake.

"Mimi ni Mama Kulwa," alisema. "Huyu aliyekimbia ni marehemu mume wangu. Nauza chakula Maganzo, na bango lako limebandikwa kwenye nguzo ya banda langu. Watu wanakula wali wangu huku wanamsoma mume wangu."

"Mama, nisamehe sana. Nitafuta. Nitayabandua yote leo hii."

"Ukifuta watasema nimekuja kulia. Sitaki ufute. Wanangu wameitwa watoto wa mtoro tangu hawajajua kuvaa viatu. Kulwa ana mchumba sasa, na juzi wakwe wamelisoma hilo karatasi lako. Nataka aliyehesabu siku ile, refa wenu, apande pale Maganzo mbele ya watu aseme: mume wangu alikimbia, au hakukimbia. Akisema alikimbia, nitanyamaza mpaka nizikwe. Mwambie. Nitakaa mbele kabisa."

Alilikunja bango, akaliweka juu ya kibodi yangu, akaondoka. Kutoka siku hiyo hadi Jumapili ya pambano zilibaki siku tisa.

Refa nilikuwa namjua kwa miaka kadhaa, kwa jinsi mtu wa mabango anavyomjua mtu wa ulingoni. Sitamwita kwa jina. Hata wanamieleka wenyewe walimwita Refa tu, na mashabiki, kwa ulimi wetu wa Kisukuma, walipaza sauti "Lefa! Lefa!" kana kwamba yeye ndiye wamemlipia tiketi. Alikuwa mfupi na mwembamba, ila viganja vyake vilionekana vimeazimwa kwa mtu mkubwa zaidi. Mtu alipobanwa mabega chini, Refa alijitupa kifudifudi kando yake, akapiga turubai kwa kiganja na kuhesabu kwa Kisukuma: "Imo! Ibili!" Ya tatu hakuitamka. Umati mzima ndio ulioitamka, "Idatu!", na mabati ya maduka ya jirani yakaitika.

Hakuwahi kumfokea mwanamieleka. Mtu akifanya uhuni, Refa alimshika sikio, jitu la kumzidi mara mbili, akaliongoza hadi kwenye kona kama ndama. Siku moja bingwa aliyeitwa Kifaru alichoka kushikwa sikio. Akamnyanyua Refa na kumkalisha juu ya nguzo ya kona. Refa hakushuka wala hakulalamika. Aliendelea kuchezesha akiwa huko juu, miguu inaning'inia, na Kifaru alipoangushwa alihesabiwa kutoka juu.

Kazi yake ya siku nyingine ilikuwa kunoa tindo za wachimbaji, zile za kupasulia mawe, huko Rwamgasa. Alikuwa na kibanda cha mabati karibu na maduara, yale mashimo wanayoshuka kwa kamba kutafuta mawe ya dhahabu, na moto wa mkaa ambao haukuzimika toka asubuhi. Wachimbaji walimwachia tindo butu wakipanda na kuzichukua kali wakishuka. Kwa hiyo alimjua kila mtu aliyeingia ardhini na kila mtu aliyetoka. Kipande hiki nilikiona ni cha kujazia tu nilipoanza kuandika habari zake. Nusura nikikate.

Historia ya mkanda niliipata kwake, isipokuwa ule mstari mmoja nilioupata kwa watu watatu. Mkanda wenyewe ulishonwa na fundi viatu wa hapa Kambarage kwa ngozi ya fahali, ngozi nene isiyotaka kukunjika, na mbele ukawekewa bamba la shaba lenye upana wa sahani. Promota alitangaza kwa spika, wilaya nzima, kwamba ni dhahabu tupu ya Geita. Mkanda ukapotea siku mbili. Uliporudi, bamba lilikuwa na mkwaruzo wa tupa kutoka pembeni hadi katikati. Refa aliwaambia mashabiki waziwazi, Promota akiwa amesimama pale pale: "Mngeniuliza. Ni koki za maji zilizoyeyushwa." Mkwaruzo upo mpaka leo. Refa aliupaka samli kila Ijumaa, ngozi na bamba vyote, na hakuruhusu mtu mwingine aushike.

Bingwa wa kwanza alikuwa seremala aliyejiita Randa. Huyo aliangushwa na Kifaru, na hapo ndipo ilipoanza desturi ambayo wageni huwa hawaielewi. Kifaru alishinda vidole vyake vimevimba, hawezi kufunga mkanda kiunoni. Ulikuwa na bizimu ya chuma, ngumu, inayotaka mkono mmoja uvute ngozi na mwingine usukume pini. Randa, aliyekuwa ameshapigwa na anatoka damu puani, akarudi, akapiga goti, akamfungia mshindi wake. Watu walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Tangu hapo ikawa sheria: anayepoteza ndiye anayemfunga mwenzake, kwa mikono yake, mbele ya watu. Kuhesabiwa tatu hakutoshi. Usipofungwa na uliyemwangusha, hujawa bingwa. Kifaru alimfunga Daktari, ambaye alikuwa muuza nyama. Daktari alimfunga Tingatinga, mchimbaji wa Rwamgasa.

Kwa Tingatinga mnyororo ukakatika. Siku ya kutetea mkanda kwake Rwamgasa, dhidi ya kijana aliyeitwa Radi, hakuonekana. Refa alihesabu kumi kwenye maiki. Kisha akauchukua mkanda na kumfunga Radi yeye mwenyewe. Radi alikaa nao miaka mingi na akaja kumfunga Chuma, bingwa wa sasa, lakini mashabiki wa zamani hawakumkubali hata siku moja. Walimwita "aliyefungwa na refa". Na Tingatinga wakamwita mtoro, hadi alipoanguka kwenye kamba ya duara akafa, na hata baada ya hapo. Walisema alikuwa amekunywa.

Kilichonisumbua kuhusu Refa, na bado kinanisumbua, ni kwamba hakujua kudanganya. Sisemi kwa kumsifu. Ilikuwa kama ugonjwa. Nilimkuta mnadani akiuza mbuzi wake mwenyewe.

"Anakohoa asubuhi," alimwambia mnunuzi.

"Sasa mzee, unauza au unanikataza?"

"Nauza mbuzi anayekohoa."

Mnunuzi alicheka mpaka akamnunua. Mtu huyohuyo kila wiki alipanda ulingoni akapiga turubai, na kila mtu mzima alijua, au alishuku, kwamba pambano limepangwa na mshindi anajulikana tangu asubuhi. Nilimwuliza siku moja, nikiwa najiona jasiri kwa sababu tulikuwa wawili tu dukani.

"Refa, huoni kwamba ule mchezo ni uongo?"

"Watu wamelipa kuona mtu anaanguka. Anaanguka au haanguki?"

"Anaanguka."

"Kutoka juu?"

"Kutoka juu."

"Ulingo ni mbao juu ya mapipa na magodoro mawili. Muulize mgongo wake kama ni uongo." Akachukua mabango yake. Mlangoni akageuka. "Ila sikusema umepangwa. Hilo umesema wewe."

Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya ulingo, na wote waliokula kutokana na ulingo waliilinda. Nilielewa kwamba kwake kunyamaza hakukuwa kudanganya. Aliliweka pengo kati ya hayo mawili, akaishi humo.

Kabla ya kila pambano alikuwa na kawaida moja. Aliwaita wanamieleka nyuma ya turubai, mmoja mmoja, akawaangalia macho, akawatembeza juu ya ubao mmoja, kisha akawapa vidole viwili vya kila mkono na kusema, "Nifinye." Mimi, mwandishi wa kujifundisha, niliandika kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni kwamba Refa huwapima kwa nguvu za jadi. Alikuja dukani wiki hiyohiyo.

"Hizo nguvu za jadi zinakaa wapi? Niazime nipake goti langu."

Niliona aibu ya kutaka kuingia ndani ya printa. Akanieleza taratibu. Kwenye maduara, mtu akigongwa na jiwe, mdomo unasema mzima kwa sababu mdomo unataka kazi. Vidole havitaki kazi. Mkono ukiwa umekosa nguvu, vidole vinasema.

Nilirekebisha ile habari mara tano, mpaka ikawa nzuri, na bado sikuelewa nilichoambiwa.

Basi nikaenda Rwamgasa na lile bango lililokunjwa. Njia nzima nilikuwa napanga sentensi zangu na kuzipanga upya. Nilimkuta kwenye moto wake, makarasha ya kusagia mawe yakinguruma upande wa pili, ana tindo nyekundu kwenye koleo.

"Shikamoo, Refa."

"Marahaba. Umekonda. Printa imeanza kukutafuna na wewe?"

Nilimpa bango. Nikamweleza aliyosema Mama Kulwa, yote, pamoja na habari ya wakwe. Alisoma mstari wa nne akiwa ameshika koleo kwa mkono wa pili. Tindo ikaanza kufifia, ikawa kijivu, ikapoa. Sikuwahi kumwona akiacha tindo ipoe.

"Nani alikwambia alikimbia?"

"Watu watatu."

"Na mimi ulinihesabu wa ngapi?"

Sentensi zangu zote zilikuwa zimekwisha.

"Refa, basi niambie. Alikimbia au hakukimbia?"

Huyu ndiye mtu aliyemwambia mnunuzi kwamba mbuzi anakohoa. Aliniangalia, akaangalia moto, akarudisha tindo kwenye mkaa. Kijana mchimbaji alikuja kuchukua zake, Refa akampa bila kumwangalia usoni.

"Chapisha mengine," alisema hatimaye. "Mstari wa nne weka jina lake. Mbele yake paache wazi."

"Bango haliwezi kuwa na pengo. Watu wataona nimekosea."

"Si umekosea?"

"Watauliza maana yake nini."

"Paache wazi."

Nilichapisha mara nne. Kila nikiliangalia pengo lile, jeupe baada ya jina, nilitaka kuweka hata nukta. Nilipomaliza kubandika, Promota akapiga simu. Hakunisalimia.

"Nani kakutuma kuacha hapo wazi?"

"Refa."

"Sikiliza, dogo. Yule mzee asianze kufukua mambo ya kale ulingoni kwangu. Siku atakayosema kilichokuwa nyuma ya turubai, mieleka ya kanda hii imekwisha. Wote tutarudi kulima pamba. Na wewe nitakusahau kwa kila kitu kinachoitwa bango."

Nilijua Refa hawezi kudanganya mbele ya watu na hataki kusema. Mama Kulwa hatakubali kitu cha katikati. Na wote hao walikuwa wanaelekea Maganzo kwa sababu yangu.

Jumapili ilikuwa na jua kali. Ulingo ulijengwa uwanja wa pembeni ya barabara, kamba zake zilikuwa kamba za duara, na wachimbaji wa almasi wa jirani walikuja na vumbi la kazini. Watu wa Rwamgasa walikuja na lori zima. Mama Kulwa alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele kabisa, Kulwa kushoto kwake. Mchumba wa Kulwa hakuwepo. Nilimwona Mama Kulwa akimwamkia Refa alipopita, "Shikamoo, baba," kama alivyomwamkia miaka yote kila walipokutana. Refa aliitikia, lakini hakusimama.

Chuma alikuwa anatetea mkanda dhidi ya Radi, aliyetaka kuurudisha. Refa aliwapima nyuma ya turubai kama kawaida. Kisha akapanda na shati lake jeupe, mkanda begani, na badala ya kuwaita akanyoosha mkono kuomba maiki. Mtangazaji akampa, akidhani ni shukrani kwa wageni.

"Watu wa Maganzo na Rwamgasa," alisema. "Mimi ndiye niliyehesabu kumi siku ile. Nilihesabu huku najua mtu yuko wapi. Tingatinga alikuwa nyuma ya turubai, hatua tano kutoka nilipo. Alinisikia nikimhesabu."

Hata muuza karanga alisimama.

"Kwenye kupima, mkono wake wa kulia ulinifinya nikauma meno. Wa kushoto sikuusikia. Siku hiyo tulikuwa tumepanga aanguke."

Uwanja ukalipuka. Wengine walicheka, wengine walipiga miluzi, mtu mmoja akapiga kelele, "Kumbe!" Promota alikuwa anakimbia kuelekea kwenye spika. "Zima! Zima hiyo maiki!" Ikazimwa. Refa akaiweka chini taratibu, kama kitu cha mtu, akaendelea kwa sauti yake tupu. Chuma, ambaye alikuwa na kila sababu ya kumnyamazisha, alishika kamba na kusema, "Mwacheni mzee aseme." Kimya kikarudi kwa sababu walitaka kusikia.

"Kuanguka angeweza. Kumfunga mwenzake mkanda asingeweza. Mnaijua bizimu hii, inataka mikono miwili. Wote mngeona, na mwenye duara lake alikuwa amekaa mstari wa pili. Akaniambia: mtoro anapewa kazi, mgonjwa hapewi. Sema nimekimbia. Nikasema."

Nilifikiri amemaliza. Mimi ningemalizia hapo. Jina la Tingatinga lilikuwa limeshasafishwa, na Refa alikuwa bado mtu mwema.

"Baada ya hapo nilimnolea tindo," alisema. "Kila wiki, mpaka wiki ya mwisho. Nilijua anashuka kwa mkono mmoja. Mlisema alianguka kwa pombe. Hakunywa. Sikumwambia mwenye duara, sikumwambia mkewe. Niliahidi kunyamaza, nikanyamaza mpaka akafa, na alipokufa nikanyamaza kwa ajili yangu."

Mama Kulwa alikuwa amesimama. Sijui alisimama saa ngapi.

"Mkono gani?" aliuliza, japo alishaambiwa.

"Wa kushoto, mama."

"Alikuwa ananiletea shati nimfunge vifungo." Hakuwa anaongea na Refa wala na sisi. "Kila Jumapili. Nikadhani anadeka. Nikamwambia, mtu mzima hovyo, jifunge mwenyewe."

Kulwa alimshika mkono, mama yake akautoa. Akapanda ngazi za ulingo, mama wa makamo mwenye kitenge, na wanamieleka wawili wakamfungulia kamba. Akanyoosha mikono. Refa akampa mkanda. Mama akamgeukia Chuma.

"Wewe ndiye unayeitwa bingwa?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Simama vizuri."

Aliuzungusha kiunoni mwa Chuma, akavuta ngozi kwa mkono mmoja, akasukuma pini kwa mwingine. Ilimchukua muda, maana ile bizimu ni ngumu kweli. Sisi tulimtazama kama watu waliosahau walichojia. Alipomaliza alipiga bamba kwa kiganja mara moja.

"Huyu amefungwa na nyumba ya Tingatinga," alisema, akashuka.

Radi ndiye aliyeongea kwanza. "Basi mimi miaka yote ile nilikuwa bingwa wa nini?" Aliuliza kwa sauti ya kawaida, bila mbwembwe za ulingoni. Baadhi ya watu walianza kuondoka. Walipigana baadaye, nadhani vizuri, lakini aliyehesabu alikuwa mtu mwingine. Mama Kulwa alipita mbele ya Refa akienda kwenye kiti chake. Alipita karibu sana. Hakumwamkia.

Mieleka haikufa kama Promota alivyosema. Watu wanaendelea kuja, na siku hizi kabla ya pambano wanabishana waziwazi nani amepangiwa kushinda. Refa ndiye hakuitwa tena. Wachimbaji kadhaa walihamishia tindo zao kwa fundi mwingine. Wakwe wa Kulwa walirudi, kwa taratibu zao, na barua mpya ya posa.

Nilikwenda Rwamgasa mara ya mwisho baada ya mavuno ya pamba. Moto ulikuwa mdogo, goti lake limefungwa kitambaa. Nilikuwa na orodha ya mabingwa niliyoiandika upya, safari hii kwa mkono, kwa sababu Mama Kulwa aliniomba nakala ya kuweka nyumbani kwake. Kabla ya kuimaliza nilikuwa nimekwenda kwa kila mmoja aliye hai, na kwa familia za wasiokuwepo.

"Mama Kulwa hajambo?" aliuliza Refa.

"Hajambo. Banda limejaa."

"Hajaniamkia tangu siku ile. Tulikutana mnadani."

"Pole, Refa."

"Pole ya nini? Ana haki. Soma."

Nilisoma. Randa, Kifaru, Daktari. Nilipofika wa nne nilishusha sauti, kama dukani siku ile. "Tingatinga wa Rwamgasa. Alikuwa na mkanda mpaka mkono wake wa kushoto ulipokosa nguvu. Hakukimbia."

Aliitikia kwa kichwa. "Wa tano?"

"Radi. Alifungwa na refa. Mashabiki hawakumkubali, na kosa halikuwa lake."

"Kosa lilikuwa la nani?"

"Sikuandika, mzee."

"Umeacha pengo."

"Nilidhani ungependa..."

"Wewe na printa yako mnapenda vitu visafi." Akaweka koleo chini. "Andika hapo: refa alijua."

Sikuwa na nafasi kwenye mstari. Nilikuwa nimepima karatasi yote kwa rula. Ikabidi niyabane maneno yale mawili pembeni, yamepinda kidogo, na wino ukachafua herufi ya mwisho kwa sababu mkono ulikuwa na jasho. Nilimwonyesha. Akasoma, akanirudishia, akachukua tindo iliyokuwa inasubiri.

Sikuinakili upya. Nilimpelekea Mama Kulwa ikiwa hivyohivyo, akaisoma akiwa amesimama, akaitundika ukutani. Tangu hapo sichapishi jina la mtu kabla sijafika kwao kuuliza. Nachelewesha kazi, na wateja wengine wamenihama.